Povu halitoki, birika lina ukoko: maswali ya wakazi wa Dodoma kuhusu maji magumu

Anayehamia Dodoma hupitia hatua zilezile. Wiki ya kwanza analalamikia vumbi. Wiki ya pili anafua shati jeupe, kipande cha sabuni kinaisha mkononi na povu halionekani. Mwezi wa tatu anafunua birika, anakuta ndani kumepakwa kitu cheupe kama ukuta uliopigwa chokaa, na hapo ndipo simu zinaanza. Tangu serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016 nimeulizwa maswali haya kwenye daladala, msibani na hata kwenye foleni ya benki, kwa sababu niliwahi kufundisha kemia, na watu huamini kwamba mwalimu wa kemia ni fundi wa kila kitu kinacholowana. Nimeyaweka pamoja yale yanayorudi kila mara.

Maji magumu ni nini? Kwani maji yanaweza kuwa magumu?

Ni maji yaliyoyeyusha madini ya kalsiamu na magnesiamu kwa wingi. Hayaonekani kwa macho, ndiyo maana glasi ya maji magumu inaweza kuwa angavu kabisa. Tunayaita magumu kwa sababu ya tabia yake mbele ya sabuni. Maji ya mvua, ambayo hayajapita kwenye udongo wala mwamba, ni laini.

Sisi tunayaita maji ya chumvi. Si kitu kilekile?

Hapana, na pesa nyingi za watu zinapotelea kwenye mkanganyiko huu.

Chumvi, ile ya jikoni, ni sodiamu na kloraidi. Ukiyachemsha maji ya chumvi, chumvi haiendi popote. Maji yanapungua, chumvi inakolea. Chokaa, inayotokana na ile kalsiamu ya maji magumu, ina tabia nyingine. Sehemu ya ugumu wa maji inaitwa ugumu wa muda: kalsiamu imeshikana na baikaboneti, na moto ukishika wanaachana, hewa ya kaboni dioksidi inatoka na chokaa inaganda kwenye sufuria. Ule ukoko wa birika ndio huo. Sehemu nyingine ni ugumu wa kudumu, unaotokana na salfeti na kloraidi za kalsiamu na magnesiamu, nao hausikii moto.

Kisima kimoja kinaweza kuwa na vyote kwa pamoja. Lakini kila kimoja kina mahali pake pa kujitambulisha. Maji ya chumvi yanajitambulisha mdomoni. Maji ya chokaa yanaweza kuwa na ladha nzuri tu, wapo wanaoyasifu kuwa matamu, ila yanajitambulisha kwenye beseni na kwenye birika. Kwa hiyo kabla hujanunua chombo chochote cha "kutoa chumvi", jiulize kwanza: ni ulimi unaolalamika, au ni sabuni?

Kwa nini Dodoma hasa?

Kwa miongo mingi mji huu umenywa maji ya visima virefu vya bonde la Makutupora, upande wa Mzakwe, kaskazini mwa mji. Haya ni maji ya ardhini, yaliyokaa muda mrefu na mawe.

Mvua ikizama udongoni inafyonza kaboni dioksidi inayotolewa na mizizi na vijidudu, nayo inageuka tindikali dhaifu, kama soda isiyo na sukari. Soda hiyo inaumauma miamba polepole. Miamba ya eneo hili ni itale iliyochakaa, na juu yake katika sehemu za bonde kuna matabaka ya udongo ulioganda chokaa. Halafu kuna jua. Dodoma hupata mvua ya takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni kukausha tu. Maji yanapotea hewani, madini yanabaki.

Wanasayansi waliochambua kumbukumbu za miaka 55 za kina cha maji huko Makutupora waligundua jambo ambalo kila mkazi angepaswa kulijua: hifadhi hii ya maji ya ardhini haijazwi na mvua ya kila mwaka. Hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa mno, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998. Miaka mingine hatuongezi kitu chochote cha maana, tunachota tu.

Ni Dodoma peke yetu?

Hapana. Unguja maji hutoka kwenye mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa tupu, na visima vingi vya mwambao ni hivyohivyo. Tofauti unaiona zaidi ukitoka Dar es Salaam kwa sababu bomba la Dar linategemea sana mto Ruvu, na maji ya mto hayajapata muda wa kukaa na mawe.

Nitajuaje maji yangu ni magumu kiasi gani bila kwenda maabara?

Chukua chupa mbili za nusu lita zenye kifuniko. Moja weka maji ya bomba hadi theluthi, nyingine maji ya mvua kwa kiasi kilekile. Kwangua sabuni ya mche, ile ya kawaida isiyo na manukato, uweke chembe zinazolingana kila chupa, funga, tikisa mara 20. Ya mvua itajaa povu hadi kwenye kifuniko. Ya bomba, kama ni magumu, itageuka rangi ya maziwa na juu kutaelea takataka nyeupe. Ongeza sabuni kidogo kidogo uhesabu mara ngapi hadi povu lisimame. Usitumie sabuni ya maji ya kuoshea vyombo: nyingi hutoa povu hata kwenye maji magumu, zitakudanganya.

Kwa anayetaka namba, maabara huandika miligramu za chokaa kwa lita. Chini ya 60 ni laini, 61 hadi 120 ni ya wastani, 121 hadi 180 ni magumu, zaidi ya 180 ni magumu sana. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu hadi 300 kwa maji yaliyosafishwa na 600 kwa maji ya asili. Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha kiafya cha ugumu wa maji, na sababu yake iko kwenye swali la figo hapo chini.

Kwa nini sabuni inaisha hivi? Naibiwa na msichana wa kazi?

Huyo binti mwache, hana kosa. Mwizi ni kalsiamu.

Sabuni ya mche inapoyeyuka, kabla haijagusa uchafu inakutana na kalsiamu, wanashikana na kuwa kitu kisichoyeyuka: ule utando wa kijivu unaozunguka beseni na kung'ang'ania kwenye kola. Kalsiamu yote isipokwisha kushikwa, povu halitokei. Yaani unalipa kodi kwanza, kufua baadaye.

Kodi yenyewe inapigiwa hesabu. Kila miligramu 100 za chokaa hula kama miligramu 610 za sabuni halisi. Tuseme maji yako yana miligramu 300 kwa lita: lita moja inakula gramu 1.8, na ndoo ya lita 20 inakula kama gramu 37. Ndoo 27 zimemaliza kilo nzima ya sabuni, na bado hujafua hata soksi. Sabuni ya dukani ina maji ndani yake, kwa hiyo hali halisi ni mbaya kidogo kuliko hesabu yangu. Familia yenye watoto wa shule hufikisha ndoo 27 lini? Hesabu mwenyewe.

Sasa nifueje?

Sabuni ya unga inastahimili maji magumu kuliko mche, kwa sababu ndani yake kuna viungo vilivyowekwa makusudi kumkamata kalsiamu kabla hajaleta fujo. Kama unapenda mche, na mimi ni mmoja wao, lainisha maji kwanza: soda ya kufulia (kaboneti ya sodiamu, si ile ya kuokea) kijiko cha chai kilichojaa kwenye ndoo ya lita 20, koroga, subiri dakika chache, chokaa itajitenga na kushuka, kisha utie nguo na sabuni. Maji hayo ni ya kufulia, si ya kunywa, na vaa glavu kama mikono yako inakauka.

Nguo nyeupe zinazofubaa na taulo zinazokakamaa kama ngozi ya ng'ombe hazikuchakaa. Zimejaa utando wa sabuni. Suuza maji ya mwisho ukiwa umetia siki vijiko 2 au 3 vya chakula kwenye beseni. Harufu hupotea nguo zikikauka, na kwa jua la Dodoma hilo ni jambo la saa moja.

Tahadhari, na hii naomba isomwe mara mbili: siki au ndimu isikutane kamwe na dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini. Zikichanganyika zinatoa gesi ya klorini, na bafu zetu nyingi zina dirisha dogo kama kitabu.

Ukoko wa kwenye birika una madhara nikiumeza?

Hauna. Ni kaboneti ya kalsiamu, jamaa ya chaki na ganda la yai. Vile vipande vinavyoelea vinaudhi tu.

Madhara yake ni ya mfukoni. Chokaa haipitishi joto vizuri kama chuma, hivyo moto au umeme unafanya kazi ya ziada kuipasha kabla ya kuyapasha maji. Na ukoko unajilimbikiza: kama maji yana miligramu 300 za ugumu wa muda na unachemsha lita 10 kwa siku, kwa mwaka unaweza kuweka ndani ya vyombo vyako hadi kilo moja ya chokaa.

Niutoeje?

Siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu, hadi juu ya mstari wa ukoko. Pasha moto hadi karibu kuchemka, zima, acha saa moja. Utasikia inachachatika; hiyo ni kaboni dioksidi inatoka. Mwaga, suuza, chemsha maji matupu mara moja uyamwage. Ndimu 3 au 4 zinafanya kazi hiyohiyo. Sufuria la alumini usililaze na siki usiku kucha, litaliwa.

Niliwahi kujaribu ubuyu, kwa kuwa sisi wa huku tunao mwingi na una uchachu wa kutosha. Ukoko ulilainika baada ya siku mbili, lakini birika lilijaa nyuzi za ubuyu. Afadhali ubuyu uunywe.

Usikwangue kwa kisu. Kila mchubuko utakuwa mahali pazuri pa ukoko mpya kujishika.

Hita ya bafuni imeungua mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Ni feki?

Inawezekana, soko letu tunalijua. Lakini kwanza omba ile koili iliyoungua uione. Ukikuta imevaa koti jeupe, umepata jibu. Koili inategemea maji kuipoza. Ikifunikwa na chokaa, joto linakosa pa kwenda, inajichoma yenyewe. Fundi mmoja alinibadilishia koili mara mbili bila kusafisha tangi lake, na ya pili ilidumu miezi michache tu kwa sababu aliiweka juu ya kilima cha chokaa kilichobaki chini. Kosa lilikuwa langu pia, sikuangalia.

Chokaa huganda haraka zaidi maji yakizidi nyuzi 60. Hita yenye tangi usiipandishe zaidi ya hapo. Maji ya kuoga hayahitaji kuchemka. Ile ya papo kwa papo, ukimaliza kuoga zima moto kwanza, acha maji ya baridi yapite sekunde chache ndipo ufunge koki, ili maji ya moto yasibaki ndani yakiganda. Kusafisha tangi na koili iwe kazi ya kila mwaka, umeme ukiwa umezimwa kwenye swichi kuu, na mtu anayejua anachofanya.

Maharage yanakula mkaa wa siku mbili hayaivi. Ni maji?

Ni maji, au ni maharage yenyewe. Yaliyokaa ghalani muda mrefu huwa magumu popote yapikiwapo. Lakini kalsiamu inachangia kweli: inashikana na gundi ya asili iliyo kwenye ganda na nyama ya haragwe na kuikaza, badala ya kuiacha ilegee.

Jibu la bibi zetu ni magadi, na kemia iko upande wao. Magadi ni kaboneti na baikaboneti za sodiamu. Yanaangusha kalsiamu na kuilegeza ile gundi. Mlenda wa Kigogo unajua siri hiyo tangu zamani. Lakini magadi yakizidi yanaua vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni, na magadi mengine yanayookotwa kwenye maziwa ya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi. Punje ndogo inatosha. Mimi nimehamia njia nyingine: naloweka makande na maharage usiku kucha kwenye maji ya mvua, au maji yaliyochemshwa, yakapoa na kutuama, nikaacha sentimita mbili za chini. Mkaa umepungua bila magadi.

Chai ya rangi inafanya utando juu kama mafuta.

Chokaa imekutana na rangi ya majani ya chai. Kamulia ndimu, utando unatoweka mbele ya macho yako. Hauna madhara.

Mama mkwe anasema maji haya yanaleta mawe kwenye figo.

Shikamoo mama, lakini hapana. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ninaelewa linatoka wapi: mtu anaona jiwe kwenye birika, anafikiria figo lake.

Figo halichemshi maji. Ukoko wa birika unatokea kwa joto. Mawe ya figo yanatokea pale mkojo unapokuwa mzito kiasi kwamba chumvi zilizomo zinashindwa kubaki zimeyeyuka. Mengi yana kalsiamu, ndiyo, lakini kalsiamu imeungana na oksaleti, na kalsiamu unayoipata pamoja na chakula huikamata oksaleti tumboni na kutoka nayo haja kubwa kabla haijafika kwenye figo. Ndiyo maana utafiti haujaweza kuyashtaki maji magumu kwa kosa hili. Kuna tafiti zilizoonyesha hata kwamba wanywaji wa maji magumu huwa na nafuu kidogo upande wa magonjwa ya moyo, ingawa ushahidi wake haujakaa sawa.

Kinacholeta mawe hapa kwetu kinaweza kuwa ukavu. Hewa ya Dodoma inakausha jasho kabla hujaliona, mtu anadhani hajatoka jasho, anashinda ofisini na kikombe kimoja cha chai. Anayeogopa maji ya bomba hadi akapunguza kunywa ndiye anayejitafutia mawe. Aliyewahi kuugua afuate daktari wake, maana mawe si ya aina moja.

Na meno ya kahawia ya watoto?

Hiyo ni floraidi, kesi tofauti kabisa. Inajulikana sana Arusha, Kilimanjaro na Singida. Ajabu yake ni kwamba maji yenye floraidi nyingi mara nyingi ni laini, yanatoa povu zuri, kwa sababu kalsiamu ikiwepo kwa wingi hushikana na floraidi na kuiangusha. Kwa hiyo usiyasifu maji kwa povu pekee. Shirika la Afya Duniani linapendekeza yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, na kuchemsha hakusaidii, kunaikoleza.

Ngozi inawasha na nywele zimekuwa kama katani.

Utando wa sabuni unabaki kwenye ngozi na kwenye nywele. Tumia sabuni kidogo, suuza vizuri, paka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Nywele suuza mwisho kwa maji yaliyotiwa siki kijiko kimoja kwa lita, au maji ya mvua ukiwa nayo.

Kuhusu ukurutu wa watoto: zipo tafiti zinazouhusisha na maji magumu. Lakini Uingereza walifanya jaribio kwa watoto 336 wenye ukurutu, nusu wakafungiwa nyumbani mashine za kulainisha maji, na matokeo yaliyotolewa 2011 hayakuonyesha tofauti kati ya makundi. Mpeleke mtoto kliniki kabla ya kumnunulia mashine.

Nina kichanga kinachonyweshwa maziwa ya kopo. Ugumu utamdhuru?

Ugumu hapana. Cha kuuliza ni naitreti. Tafiti za miaka ya 1990 zilikuta naitreti nyingi kwenye maji ya ardhini ya Dodoma, na vyoo vya shimo ni kati ya vyanzo vyake. Naitreti ikizidi miligramu 50 kwa lita inaweza kuzuia damu ya kichanga isibebe hewa inavyotakiwa, na kuchemsha kunaiongeza badala ya kuipunguza. Kama unatumia kisima cha nyumbani au cha jirani, kipeleke maabara ya ubora wa maji, na ukifika usiseme tu "nipimieni maji". Taja: ugumu, kloraidi, floraidi, naitreti, na vijidudu.

Kuna kijana alikuja na mashine, akaweka nyaya kwenye glasi ya maji yetu yakageuka kahawia. Ndiyo tunakunywa hivyo?

Alifika na kwetu. Kijana nadhifu, begi zuri, "Shikamoo mzee, naomba dakika tano tu." Akaweka glasi mbili mezani, moja ya bomba, moja ya maji yaliyopita kwenye mashine anayouza. Akachovya kifaa chenye vyuma viwili, akawasha umeme. Glasi ya bomba ikaanza kutoa uchafu wa kahawia unaoelea kama matope ya korongo; ya pili ikabaki safi. Mke wangu alishafungua pochi.

Nikamwomba jambo moja: atie chumvi kidogo ya mezani kwenye ile glasi safi, arudie. Ikageuka kahawia kuliko ya bomba. Akafunga begi.

Uchafu ule ni kutu ya vile vyuma vyenyewe. Maji yenye madini yanapitisha umeme, umeme unaitafuna chuma, kutu inamwagika. Maji yasiyo na madini hayapitishi umeme vizuri, kwa hiyo hakuna kinachotokea. Mchezo ule unaonyesha kwamba maji yana madini, jambo ambalo birika lako lilishakuambia bure.

Basi chujio gani linafaa?

Inategemea unalotaka kuondoa. Chujio la udongo au la mshumaa linazuia vijidudu na tope. Kalsiamu imeyeyuka, inapita kama haijaona mlango. Mkaa maalumu unaondoa harufu na klorini, si chokaa. Sumaku za kufunga kwenye bomba zinauzwa dunia nzima, na ushahidi wake ni dhaifu, nisingezilipia.

Vitu viwili vinafanya kazi kweli. Kimoja ni mashine ya kubadilishana: maji yanapita kwenye punje za plastiki maalumu zinazoshika kalsiamu na kuachia sodiamu, na kila baada ya muda unazifufua kwa maji ya chumvi. Ni nzuri kwa kufua, kuoga na kulinda hita, na hoteli nyingi zingefaidika nayo. Lakini sodiamu inaongezeka, hivyo mwenye shinikizo la damu na mtoto mchanga wachotewe kwenye bomba la kabla ya mashine. Cha pili ni mashine inayosukuma maji kwenye utando wenye matundu madogo mno. Hiyo inaondoa karibu kila kitu, chumvi na floraidi zikiwemo, ila za nyumbani nyingi humwaga lita 2 hadi 4 kwa kila lita moja inayokupa. Katika mji wa mgao, weka ndoo chini ya mrija wa maji yanayomwagwa. Maji yale yanadekia na kusafishia choo.

Kwa nyumba nyingi sioni haja ya chochote kati ya hivyo. Kuchemsha, kutuamisha, siki, na simtanki la mvua vinatosha.

Mvua yenyewe ni hiyo ya miezi mitano. Inatosha nini?

Zaidi ya unavyodhani. Paa la mita za mraba 60, mvua ya milimita 550, ukipoteza moja ya tano njiani: ni lita 26,400 kwa mwaka. Huwezi kuzihifadhi zote, lakini tangi la lita 5,000 likijazwa na kuwekewa akiba ya kufulia nyeupe, kulowekea maharage na kuoshea nywele linafika mbali. Mvua ya kwanza ya Desemba iache ipite, inaosha vumbi la miezi saba na mavi ya popo. Kwa kunywa, chemsha au tia dawa.

Maji ya boza ni laini kuliko ya bomba?

Inategemea boza limejaza wapi, na dereva hatakwambia usipouliza. Mji umetoka watu 410,956 kwenye sensa ya 2012 hadi 765,179 kwenye ile ya 2022, mgao ukabana, kila mwenye uwezo akachimba kisima. Visima vya mitaani havifanani. Viwili vilivyotenganishwa na ukuta mmoja vinaweza kutofautiana kabisa. Beba ile chupa yako ya majaribio na kipande cha sabuni. Watakucheka mara ya kwanza tu.

Naweza kutia maji ya bomba kwenye betri ya sola au rejeta?

Usithubutu. Nunua maji ya betri. Chokaa na kloraidi zinaua sahani za betri, na rejeta inaota ukoko kama birika, tofauti ni kwamba birika halikuachi Gairo usiku.

Maji ya Ziwa Victoria yakifika, haya yote yataisha?

Maji ya Ziwa Victoria ni laini sana, yana madini kidogo mno. Mpango wa kuyaleta Dodoma upo, na wa bwawa la Farkwa wilayani Chemba pia. Yakichanganywa na ya Makutupora ugumu utapungua kulingana na mchanganyiko, kwa hiyo mtaa mmoja unaweza kusherehekea povu kabla ya mwingine. Ukoko wa zamani ndani ya mabomba unaweza kuanza kulegea na kutoka vipandevipande. Usishtuke, fungulia maji yapite kwanza.

Nimepangiwa kurudi Dar. Kuna la kujua?

Punguza sabuni ya unga hadi nusu kuanzia siku ya kwanza. Mimi nilisahau, nikawa nasuuza shuka mbili kuanzia adhuhuri hadi jirani akaja kuuliza kama kuna msiba.